Kwa nini mama anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla hajaona siku zake?

Mtoto ana miezi minane na ananyonya vizuri, mama hajaona hedhi tangu ajifungue, kisha kipimo kinaonyesha kuwa ana mimba nyingine. Jambo hili huwashangaza wengi, ingawa maelezo yake ni mafupi: yai hutangulia, damu hufuata. Yai linapotoka bila kurutubishwa, hedhi huja baada ya wiki mbili hivi, na likirutubishwa hedhi haiji kabisa. Kwa hiyo mama aliyeshika mimba kwa yai lake la kwanza baada ya kujifungua hutoka katika ujauzito mmoja na kuingia katika mwingine bila kuona hedhi hata mara moja katikati.

Imani kwamba kunyonyesha huzuia mimba imedumu kwa sababu ina ukweli mkubwa ndani yake. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba kunyonyesha kunaweza kumkinga mama kwa zaidi ya asilimia 98, mradi mambo matatu yawepo kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Bahati mbaya, ushauri huo unapopita mdomo kwa mdomo, masharti mawili ya kwanza hudondoka njiani na kubaki lile la mwisho, yaani kwamba asiyeona siku zake hana haja ya kuhofu. Sharti hilo likisimama peke yake ni dhaifu, na hudhoofika zaidi kadiri mtoto anavyokua, kwa kuwa baada ya miezi 6 yai huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuitangulia hedhi ya kwanza. Mama wa Uyole anayeshinda kwenye shamba la viazi, huku bibi akimlisha mtoto uji wa ulezi nyumbani, hujihesabu kuwa ananyonyesha, na kweli ananyonyesha, lakini si kwa kiwango cha kuzuia yai. Hata anayekamua maziwa na kuyaacha kwenye kikombe asiitegemee kinga hiyo kikamilifu, kwa sababu kinachozuia yai hasa ni mtoto kunyonya titi lenyewe.

Sababu yake iko kwenye ubongo. Sehemu yake iitwayo hipothalamasi hutoa homoni ya kuamsha ovari kwa vipindi vinavyofuatana, na ovari haiwezi kukuza yai hadi likomae endapo vipindi hivyo vimevurugika. Ni kama chungu cha maharage juu ya mafiga, ambacho huchemka pale tu mpishi anaposogeza kuni kila moto unaposhuka. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka taarifa kwenye ubongo, na taarifa hiyo ni sawa na mtu anayevuta ukuni mmoja nje: maji hubaki vuguvugu, lakini hayachemki. Akirudi kila baada ya saa chache, chungu hukaa hivyo kwa miezi. Ndiyo maana inashauriwa nafasi kati ya kunyonya na kunyonya isizidi saa 4 mchana na saa 6 usiku, na ndiyo maana mtoto anayelala ubavuni mwa mama kwenye baridi ya Njombe au Makete, akinyonya mara kwa mara hadi alfajiri, anachangia sana kinga hiyo. Akianza kushiba uji au kulala usiku kucha, kuni hukaa mafigani, na chungu huchemka bila mtu kuona.

Hedhi inaporudi nayo haitulii mara moja. Mzunguko mmoja huweza kuwa mfupi na unaofuata ukapita wiki kadhaa zaidi, na baadhi ya mizunguko hiyo haina yai. Kuhesabu siku ili kuepuka mimba, au kutumia shanga za mzunguko, yaani shanga za kuhesabia siku hizo, hakufai katika kipindi hiki, kwa kuwa shanga hizo zimetengenezwa kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32. Kwa anayetumia sindano au vijiti vya kuzuia mimba, damu kuvurugika au kukatika ni jambo la kawaida linaloletwa na dawa yenyewe.

Mwenye shaka na apime mkojo, kwa kuwa kunyonyesha hakubadilishi majibu ya kipimo cha mimba. Asiyetaka mimba kwa sasa anaweza kutumia kondomu, kitanzi, vijiti au vidonge vya homoni moja huku akinyonyesha, na sindano kuanzia wiki ya 6; vidonge vya homoni mbili kwa kawaida husubiri hadi mtoto atimize miezi 6.

Aliyekwisha kushika mimba asimwachishe mtoto ziwa ghafla kwa hofu ya kumbemenda. Ujauzito hauyageuzi maziwa kuwa sumu. Mara nyingi maziwa hupungua, ladha yake hubadilika, na kuelekea kujifungua huwa dang'a tena, kiasi kwamba watoto wengine huacha wenyewe. Mama mwenye afya njema anaweza kuendelea kunyonyesha, akimwongezea mtoto chakula kinachofaa umri wake. Aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, au anayetokwa na damu, aende kliniki kwanza.