Pimbi si panya, wala si babu wa tembo

Wageni wanaopita kwenye majabali ya Serengeti hawakosi kumwita pimbi "panya mkubwa", na waongozaji wengine huitikia tu. Kosa hili linaniudhi kuliko yote, maana jibu limo kinywani mwa mnyama mwenyewe. Ukikuta fuvu (usiliondoe hifadhini), hesabu meno ya mbele ya chini. Panya ana mawili. Pimbi ana manne, yenye mipasuko kama kitana, na huyatumia kuchambua manyoya. Juu ana mawili yaliyoachana, yenye ncha kali, yasiyoacha kukua. Hapo anafanana na tembo, ndugu yake halisi: pembe za tembo nazo ni meno ya mbele yaliyorefuka, wakati zile za ngiri ni chonge. Tazama pia anavyokula: panya huguguna kwa meno ya mbele, pimbi hugeuza kichwa upande na kukata majani kwa magego.

Mimba nayo inatosha kumaliza ubishi. Panya hubeba wiki tatu hivi. Pimbi, mwenye kilo 2 hadi 5 tu, hubeba miezi 7 hadi 8, na mtoto huzaliwa ana manyoya na macho wazi. Korodani za dume hubaki ndani ya tumbo karibu na figo, sawa na za tembo. Vipimo vya vinasaba vinaonyesha undugu huohuo wa pimbi na tembo, na humo yumo nguva pia.

"Kumbe tembo alitokana na pimbi?" Hapana. Wana babu mmoja aliyeishi zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, kisha kila ukoo ukashika njia yake. Wala pimbi hawakuwa wadogo siku zote: visukuku vya Fayum, Misri, vina pimbi wa kale wenye uzito wa mamia ya kilo.

Sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ni ndugu wa tembo kwa sababu ya pua? Pua haihusiki. Undugu upo, lakini ni wa mbali zaidi na umo kwenye vinasaba. Mhanga, yule mnyama mla mchwa, naye ni wa ukoo huo.

Pimbi hucheua? Hacheui. Hutafunatafuna tu.

Ni mpole, mpe biskuti? Tafadhali acheni. Akizoea kulishwa hudai, na yale meno ya juu hutoboa kidole hadi ndani. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.