Kuua bakteria si kuondoa sumu yake

"Usiwe na hofu, imeshapita kwenye otoklevu." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno kwa watu wa maabara, tena waliosoma vizuri, wakiwa wameshika chupa ya maji ya kijani yaliyotekwa bwawani. Otoklevu ni mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto mkali. Ingekuwa ni maji yenye kipindupindu, nisingekuwa na neno. Kwa maji yale, hapana.

Maana yenyewe kwa ufupi. Sianobakteria, wanaoyapa maji yale ukijani, ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama mimea. Wengi huwaita mwani. Haya, tusigombane hapo. Maji yakipata joto, yakatulia, na mvua ikashusha mbolea kutoka mashambani, huzaliana hadi utando wa kijani ukaelea juu. Baadhi yao hutengeneza sumu. Si wote: spirulina wanaoliwa na flamingo kwenye maziwa ya magadi ni wa kundi hilohilo, na kuna watu wanaonunua unga wake dukani kama kirutubisho. Kwa macho huwezi kujua yupi ana sumu na yupi hana.

Sasa nije kwenye kinachonikera: watu kuchanganya maambukizi na sumu. Maambukizi ni kidudu hai kuingia mwilini na kuzaliana humo. Ukikiua kabla hakijaingia, umemaliza kazi. Ndiyo maana tunahimizwa kuchemsha maji ya kunywa. Sumu ni kemikali. Mikrosistini, inayofahamika zaidi kati ya sumu hizi, hushambulia ini, nayo haihitaji kidudu kiwe hai ili ikudhuru. Ukiyachemsha maji, inabaki. Ukiyatia kwenye otoklevu kwa nyuzi 121, bado inabaki. Tena sehemu kubwa ya mikrosistini huwa imefungiwa ndani ya seli, kwa hiyo ukiwaua bakteria seli zinapasuka na sumu inamwagika majini. Maji yanaweza kuonekana safi zaidi na wakati huohuo yakawa na sumu nyingi zaidi iliyoyeyuka.

Hili si jambo la kwenye makaratasi tu. Mwaka 1979, huko Palm Island nchini Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa mrututu ili kuua utando. Mrututu una shaba, kama zile dawa ambazo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro hunyunyizia mikahawa yao. Utando ulikufa kweli. Siku chache baadaye watu 148, wengi wao watoto, waliugua ini na figo. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazili, zaidi ya wagonjwa 50 waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walikufa kwa sababu maji ya mashine hizo yalikuwa na mikrosistini. Hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Hapakuwa na kitu cha kuambukiza.

Ukishaielewa tofauti hiyo, kinga ya mfanyakazi inabadilika sura. Anayechukua sampuli kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu au Ziwa Duluti, kaskazini mwa Tanzania, hana haja ya kuogopa kukoholewa. Aogope kulowa, kumeza na kuvuta hewa yenye matone. Utando husukumwa na upepo na kurundikana ufukweni, mara nyingi palepale ambapo ni rahisi kuegesha mtumbwi, na hapo ndipo utawaona vijana wameingia na kandambili. Gambuti ndefu, glavu zinazofika kwenye kiwiko, miwani ya kinga, na kusimama upande unakotoka upepo. Na mkate usiliwe kabla ya kunawa, kwa maji mengine, si ya ziwani.

Maabara ndiko hatari inakoongezeka, ingawa wengi hudhani ndiko salama. Huko sumu inakusanywa. Sampuli hugandishwa na kuyeyushwa makusudi ili seli zipasuke. Hukaushwa ikawa unga, na unga huo mwepesi, ukipimwa kwenye mizani karibu na feni, unapeperuka hadi puani. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu hapo. Kazi hiyo ifanyiwe ndani ya kabati linalovuta hewa. Kisha kuna methanoli, aina ya spiriti, inayotumika kuitoa sumu kwenye seli. Methanoli hupenya glavu nyembamba, na sumu iliyoyeyuka humo inaweza kupita nayo. Ikikudondokea, vua glavu papo hapo, usisubiri umalize safu ya chupa. Kunyonya pipeti, ule mrija wa kupimia vimiminika, kwa mdomo sitalizungumzia. Anayefanya hivyo anajijua.

Kilichobaki ni mabaki. Klorini, ikiwa na nguvu ya kutosha na ikiachwa muda wa kutosha, huivunja mikrosistini yenyewe. Kuimwagia ukaisuuza hapohapo hakutoshi. Otoklevu iendelee kutumika, maana katika maji ya bwawani kuna vijidudu vingine vinavyoambukiza kweli. Ila kwenye ile ndoo ya taka, badala ya kuandika "imeuliwa", naomba ndugu zangu tuandike "ina sumu, isimwagwe kwenye sinki". Anayefanya usafi jioni hana njia nyingine ya kujua.