Vigae vya Uvinza: yanayosemwa na yaliyomo ardhini

Ukitaja vyungu vya kale hapa Kigoma, hukosi wa kukwambia vililetwa na misafara ya pwani. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, kwa njia ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameanza kuipita katika karne hiyohiyo ya 19. Lakini kwenye chemchemi za chumvi za Uvinza, hapahapa Kigoma, uchimbaji wa watafiti wa historia John Sutton na Andrew Roberts mwaka 1967 ulionyesha kwamba watu walichemsha maji ya chumvi tangu karne ya 5 au ya 6. Msafara gani huo?

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba kila nakshi ina kabila lake. Mtu anaokota kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, chenye alama za kamba na kutangaza papo hapo: "Hiki ni cha Waha." Nakshi hiyo hupatikana kwa kubingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, na imeenea Uganda, Rwanda, Burundi hadi huku kwetu, miongoni mwa watu wa lugha nyingi. Tena Uvinza palikuwa mahali pa chumvi, na chumvi huwaita watu kutoka mbali.

Nakshi huigwa kirahisi. Mfinyanzi akiona imependwa sokoni, kesho anaichora. Namna ya kuinua chungu ndiyo ngumu kuiacha. Kuna anayeunganisha pete za udongo na kuna anayevuta donge moja kwenda juu, kila mmoja kwa jinsi mikono yake ilivyofundishwa na mama, shangazi au mama mkwe. Kwa hiyo anayetafuta chimbuko la mapokeo huanzia kwenye mvunjiko wa kigae: mchanga au vigae vilivyosagwa vilivyochanganywa, na viungo vya pete. Umbo la mdomo na kitako hufuata, kisha nakshi.

Jina nalo hupotosha. Vyungu vya Urewe, vya mwanzo wa Zama za Chuma katika Maziwa Makuu, vimeitwa hivyo kwa sababu ya eneo moja magharibi mwa Kenya. Hiyo haina maana kwamba vilizaliwa huko.

Rangi? Iacheni. Chungu kimoja kikichomwa kwenye moto wa wazi kinaweza kuwa chekundu upande huu na cheusi upande ule.

Wengine hudhani chungu kilichofinyangwa ovyo ndicho cha kale. Vyungu vingi vya Urewe vina midomo iliyochongwa kwa ustadi na kuta laini kuliko vile vyenye alama za kamba vilivyokuja karne nyingi baadaye. Umri hutoka kwenye tabaka kigae kilimolala na makaa yaliyopimwa kaboni humo.

Ndiyo maana kigae kilichookotwa na kuwekwa kabatini hakisemi mengi. Na si mali ya aliyekiokota: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Ukikiona shambani, kiache palepale, piga picha, upeleke taarifa.