Churchill Hakuamua Peke Yake

Nimeambiwa tena wiki hii, safari hii na mtu niliyemfundisha mwenyewe: nyakati ngumu zinataka mbabe mmoja, asiyemsikiliza yeyote. Ushahidi ukaletwa uleule wa siku zote, Churchill mwaka 1940. Basi tuufungue huo ushahidi.

Alikuwa waziri mkuu kwa majuma mawili na ushee. Jeshi la Uingereza lilikuwa limebanwa na Wajerumani huko Dunkirk, pwani ya Ufaransa, na Ufaransa yenyewe inayumba. Kuanzia tarehe 26 hadi 28 Mei, Baraza la Vita lilikaa vikao tisa. Watu watano: Churchill, Chamberlain, Halifax, Attlee na Greenwood. Halifax, waziri wa mambo ya nje, alitaka Mussolini, mtawala wa Italia, atumiwe kama mpatanishi ili masharti ya amani na Ujerumani yajulikane. Ukisoma mihtasari ya vikao hivyo humkuti mbabe anayegonga meza. Unamkuta mtu anayebishana, analegeza neno hapa, anakaza pale. Tarehe 27 Halifax alipotishia kujiuzulu, Churchill alitoka naye bustanini kumtuliza. Kwa nini ajishushe hivyo? Kwa sababu kiongozi wa Conservative, chama chao wote watatu, bado alikuwa Chamberlain, waziri mkuu aliyemtangulia, na wabunge wengi walikuwa wake. Halifax na Chamberlain wangeondoka pamoja, serikali ingeanguka. Tarehe 28 Churchill akakutana na mawaziri wapatao 25 walio nje ya Baraza la Vita, wakamuunga mkono, akarudi kwenye kikao na uzito huo mgongoni. Huko ni kutafuta watu, tena kwa jasho. Kwa nini watu hupenda kuifuta sehemu hii ya habari, ambayo ndiyo kazi yenyewe ya uongozi?

Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye hutajwa. Tarehe 22 Julai 1862 aliwasomea mawaziri rasimu ya tangazo la kuwakomboa watumwa wa majimbo yaliyoasi. Uamuzi alikwisha kuufanya, na aliwaambia hivyo. Lakini Seward, waziri wake wa mambo ya nje na mpinzani wake wa 1860 ndani ya chama, alimshauri asubiri ushindi vitani. Akasubiri hadi baada ya mapigano ya Antietam, Septemba.

Hata Warumi, wenye neno dikteta, walimpa miezi sita tu. Jenerali Sulla alikiondoa kikomo hicho mwaka 82 KK, na mwaka 44 KK Caesar akawa dikteta wa maisha.

Kuna jambo linalonisumbua, na silifichi. Mwaka 415 KK Waathene walijadiliana hadharani kuhusu kuivamia Sicily. Nicias, mmoja wa majenerali wao, aliwaonya. Wakaenda, na kufikia 413 msafara wote ulikuwa umeangamia. Mjadala haukumwokoa mtu.

Na Halifax tunamhukumu tukiwa tunaujua mwisho. Alipouliza swali lake, hesabu iliyotarajiwa ilikuwa kuokoa askari 45,000 hivi kutoka Dunkirk. Hadi tarehe 4 Juni walikuwa wameokolewa zaidi ya 338,000. Kwa hesabu ile ya kwanza, nami nikiwa mmoja wa watano wale, sina hakika ningesimama upande gani.