Rafiki wa uongo si neno gumu

Juzi kwenye sekretaria moja ya Birere, hapa Goma, kijana aliyekuwa mbele yangu alimsomea mchapaji barua yake ya kuomba kazi: "I demand a job in your organization." Mchapaji akasita. Kijana akasema, "Ah, yaya, Kiingereza kimejaa faux amis, maneno magumu tu."

Nimelisikia hilo mara nyingi mno. Faux ami, yaani rafiki wa uongo, ni neno lenye sura moja katika lugha mbili, lakini maana zake zimeachana. Wafaransa wawili, Koessler na Derocquigny, ndio waliolieneza jina hilo mwaka 1928. Neno gumu hulijui, na unajua kwamba hulijui, basi unafungua kamusi. Rafiki wa uongo unadhani unamjua tangu shule ya msingi, na kamusi inabaki imefungwa.

Tena mara nyingi ni ndugu wa damu. Kilatini kilikuwa na demandare, yaani kumkabidhi mtu jambo. Kinywani mwa Wafaransa likawa demander, kuomba au kuuliza. Mwaka 1066 Wanormani waliiteka Uingereza, na Kifaransa chao kikaja kuwa lugha ya mahakama huko. Sasa mahakamani mtu haji kuomba hisani, anakuja kutaka haki yake. Maana hiyo ya kisheria ndiyo iliyoota mizizi katika Kiingereza. Sisi Waswahili tungeiona upesi, maana tunayo maneno mawili: kuomba na kudai. Yule kijana aliwaza kuomba kwa Kifaransa, kalamu ikaandika kudai, kana kwamba shirika lina deni lake la miezi mitatu.

Na neno hilohilo halidanganyi kila mahali. Anayesoma uchumi akikuta "supply and demand" asiogope: ni offre et demande ileile, bidhaa zilizopo na mahitaji ya wanunuzi. Kwa hiyo kusema "demand ni faux ami" ukaishia hapo ni kumpotosha mwanafunzi. Sema linapotosha unapoomba kitu, si unapozungumzia soko.

Mdogo wangu, barua yako ilikuwa safi. Pale juu futa "I demand", uandike "I am applying for", halafu jina la kazi yenyewe. "Organization" liache lilivyo, huyo ni rafiki wa kweli.