Damu Haijai Tumboni: Tunayoambiana Kuhusu Uzazi wa Mpango, na Ukweli Wake

Jumatano ni siku yetu ya uzazi wa mpango hapa Busia, upande wa Uganda. Mwezi uliopita aliingia mama mmoja muuza mukene, yaani dagaa, leso yake ingali inanukia soko. Akaketi, akaweka kiganja chini ya kitovu, akaniuliza kwa sauti ya chini, akiniita musawo, yaani mhudumu wa afya: "Musawo, damu yangu inaenda wapi?"

Alikuwa kwenye sindano karibu mwaka mzima, na miezi 8 hajaona siku zake. Mama mkwe alikuwa amemwambia kwamba damu hiyo inajikusanya ndani, itaganda iwe jiwe, na mwisho atapelekwa Mulago, ile hospitali kubwa ya Kampala, kupasuliwa.

Katika miaka 14 ya kazi hii sijaulizwa swali lingine mara nyingi kama hilo. Kwa hiyo naanza nalo, na nitakaa nalo.

"Ukikosa siku zako, damu inajaa tumboni"

Damu ya mwezi haitoki kwenye ghala. Kila mwezi homoni huliambia tumbo la uzazi litandike utando laini wa kumpokea mtoto. Mimba isipoingia, utando ule hubomoka na kutoka pamoja na damu. Sindano ya miezi mitatu huizuia ovari kutoa yai, na pia huufanya utando ubaki mwembamba sana. Nilimwambia yule mama hivi: asiyetandika kitanda jioni hana shuka la kukunja asubuhi. Hakuna kilichotandikwa, hakuna cha kutoka, hakuna kilichofichwa. Baada ya mwaka mmoja wa sindano, karibu nusu ya wanawake huwa hawaoni damu kabisa, na wakiacha sindano damu hurudi.

Lakini sikumwachia hapo, kwa sababu hofu yake ilikuwa na mzizi wa kweli. Miezi ya kwanza ya sindano au ya vijiti vya mkononi, damu huchezacheza: matone leo, siku kumi kavu, kisha inakuja wiki mbili mfululizo. Wengine huumwa kichwa. Wengine huongezeka uzito, na kwa sindano hilo hutokea kweli, si maneno ya wivu ya majirani. Damu ikizidi, rudi kliniki; zipo dawa za kuituliza, na ukiona huwezi kuvumilia, njia inabadilishwa. Na ukiwa ulichelewa sindano ndipo siku zikakosekana, pima mimba kwanza kabla ya kujiambia ni kawaida.

Mimi mwenyewe nilidungwa sindano yangu ya kwanza nikiwa na mtoto mmoja, kabla sijasomea unesi. Aliyenidunga aliniambia neno moja tu: "Hakuna shida." Nikatokwa na damu wiki tatu. Nikadhani nakufa, nikaogopa kurudi, nikaacha, na kabla mtoto hajafikisha miaka miwili nilikuwa na mimba nyingine ambayo sikuwa nimeipanga. Mtoto huyo nampenda kuliko macho yangu. Lakini nilichokosa siku ile ni sentensi mbili za ukweli. Naamini hadi leo kwamba uvumi mwingi tunaopambana nao umezaliwa na sisi wahudumu, tuliposema "hakuna shida" mahali palipokuwa na shida ndogo inayoelezeka. Mwanamke aliyedanganywa na musawo atamwamini nani tena? Atamwamini mama mkwe.

"Sindano inafunga kizazi"

Haifungi. Inachelewesha. Tofauti ya maneno hayo mawili imeharibu ndoa za watu, maana binti anaacha sindano mwezi wa tatu, mwezi wa sita bado hana mimba, na ukweni wanaanza kunong'ona.

Baada ya sindano ya mwisho, kwa wastani hupita miezi 10 hivi kabla mwanamke hajashika mimba, yaani kama miezi 4 zaidi ya aliyeacha njia nyingine. Wengine hushika mapema, wengine huvuka mwaka. Ukitoa vijiti au koili, au ukiacha vidonge, uwezo hurudi papo hapo. Mtu anaweza kushika mimba mwezi huohuo. Basi ikiwa unataka kupumzika mwaka mmoja tu kisha uzae, usichague sindano. Napenda mteja aniambie mpango wake wa kuzaa kabla sijamwonyesha njia yoyote.

Na kitu kinachofunga kizazi kwelikweli mara nyingi ni kisonono au klamidia isiyotibiwa, inayoacha makovu kwenye mirija. Hicho hakisemwi sokoni.

"Kijiti kinasafiri mpaka moyoni, koili inamchoma mume"

Vijiti huwekwa chini ya ngozi ya ndani ya mkono wa juu, baada ya sindano ya ganzi. Jadelle ni viwili na hukaa miaka 5. Implanon NXT ni kimoja, miaka 3. Ukipapasa unavisikia, na unapaswa kuvisikia. Usipovisikia, rudi kliniki waangalie. Wakati mwingine kimezama chini kidogo na kinahitaji mtu mwenye ujuzi wa kukitoa.

Koili, ambayo wengine huiita kitanzi, hukaa ndani ya tumbo la uzazi. Hakuna njia ya kutoka humo kwenda moyoni. Ile ya shaba hufanya kazi miaka 10 na zaidi, haina homoni, na hulinda tangu dakika inapowekwa. Mume akisikia uzi, unaweza kukatwa ufupi. Kasoro yake nayo niiseme: siku zako zitakuwa nzito na zenye maumivu zaidi kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Na mara chache hutoka yenyewe, hasa miezi ya kwanza, kwa hiyo jifunze kuutafuta uzi kwa kidole baada ya siku zako.

Neno moja kwa wahudumu wenzangu. Mwanamke akija kutaka kijiti kitolewe, kitolewe. Asiulizwe mara tatu kwa nini, asiambiwe amalize muda. Mmoja akikataliwa, kumi hawaji.

"Njia zote ni sawa, tofauti ni bei"

Kwenye vituo vya serikali hutolewa bure, kwa hiyo tuiache bei. Tuangalie wanawake 100 wanaotumia njia kwa mwaka mmoja, kwa namna watu wanavyotumia majumbani, pamoja na kusahau na kuchelewa. Kwa vijiti, koili au kufunga mirija, hata mmoja kamili hafiki. Kwa sindano, 4 hupata mimba. Kwa vidonge, 7. Kwa kondomu ya kiume, 13. Kwa kumwaga nje, 20. Wasiotumia kitu chochote, 85.

Utaona kwamba kadiri njia inavyokutegemea wewe kukumbuka, ndivyo inavyokuangusha. Mama mwenye duka na watoto wanne, anayeamka saa kumi usiku, si mzembe akisahau kidonge. Amechoka. Huyo namwonyesha vijiti au koili kwanza, kisha anachagua mwenyewe.

"Kidonge unameza siku mume akija"

Hii naisikia sana kwa wake wa madereva wa malori wanaopita Malaba na hapa. Vidonge vya kila siku humezwa kila siku, mume awe nyumbani au awe Juba.

Pakiti ya kawaida ina vidonge 28: 21 vina homoni, na 7 vya kahawia ni madini ya chuma. Siku za vile vya kahawia ndipo damu huja. Wengi huviruka kwa kuona havina kazi, halafu wanasahau siku ya kuanza pakiti mpya, na mimba huingilia mlango huo. Ukisahau kidonge kimoja chenye homoni, kimeze ukikumbuka, hata kama ni viwili siku moja. Ukisahau viwili au zaidi, meza kimoja mara moja, endelea na pakiti, na tumia kondomu siku 7. Ukitapika ndani ya saa mbili, meza kingine.

Vidonge hivi si vya kila mtu. Mwenye presha, anayevuta sigara na amepita miaka 35, anayeumwa kichwa cha upande mmoja huku akiona vimulimuli, anayenyonyesha mtoto chini ya miezi sita: hao waombe njia nyingine. Ndiyo sababu tunapima presha kabla ya kukupa, na ndiyo sababu sipendi kuona vidonge vikinunuliwa kwa jirani. Kuhusu saratani, vidonge hupunguza ile ya ovari na ile ya utando wa tumbo la uzazi. Ya matiti huongezeka kidogo wakati unavitumia, kisha ongezeko hilo hufifia ukiacha.

Vidonge vya dharura ni kitu kingine. Vinamezwa baada ya tendo, mapema iwezekanavyo na ndani ya siku 5. Vinachelewesha yai kutoka. Mimba ikishaingia haviitoi, na haviharibu kizazi. Kama njia ya kila wiki vitakuchosha na vitakuangusha.

"Ninanyonyesha, siwezi kushika mimba"

Ni kweli, kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6; ananyonya tu, usiku na mchana, bila kupewa kitu kingine, hata maji; na siku zako hazijarudi. Bibi akianza kumpa uji kwa sababu "maziwa hayamtoshi", ulinzi umevunjika siku hiyohiyo, na unahitaji njia nyingine.

Kamba ya dawa kiunoni, kuoga haraka baada ya tendo, kunywa majani ya chai makali: hivi havizuii chochote. Ssenga wako, yaani shangazi, anakupenda, lakini kwa hili usimfuate.

"Sindano inaleta Ukimwi"

Swali hili lilichunguzwa kwa uzito. Matokeo ya utafiti wa ECHO yalitolewa mwaka 2019. Zaidi ya wanawake 7,800 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia walifuatiliwa, na hapakuonekana tofauti kubwa ya maambukizi kati ya waliotumia sindano ya Depo (ndiyo hii ya miezi mitatu), kijiti na koili ya shaba. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayozuia virusi. Kati ya njia za uzazi wa mpango, kondomu pekee ndiyo inayozuia. Kwa hiyo mjini kwetu kondomu iende pamoja na njia nyingine: moja tu kwa tendo, si mbili, na isipakwe Vaseline wala mafuta ya kupikia, maana mafuta huipasua.

Na wewe unayemeza ARV, dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, mwambie musawo unatumia ipi. Katika utafiti mmoja wa Kampala uliochapishwa mwaka 2016, kati ya wanawake 20 waliokuwa na vijiti vya Jadelle huku wakimeza ARV yenye efavirenzi, 3 walishika mimba kabla ya mwaka kuisha. Dolutegravir, ARV nyingine, haina tatizo hilo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inalo. Sindano ya Depo haidhoofishwi na efavirenzi wala dolutegravir.

"Mwanaume akifungwa anakuwa maksai"

Kijana mmoja wa boda aliniambia hivyo mbele ya wenzake, wakacheka. Maksai huondolewa makende. Mwanaume hukatwa mirija miwili myembamba tu, na nguvu, hamu na maji yake vinabaki. Atumie kondomu miezi mitatu ya mwanzo, kwa kuwa mbegu zilizotangulia bado ziko njiani. Na ajue ni njia ya kudumu.

"Bila barua ya mume hupewi"

Miongozo ya Wizara ya Afya haidai ruhusa ya mume. Mzungumze, ndiyo, ninapenda sana wanapokuja wawili. Lakini mwanamke akija peke yake ahudumiwe.

Yule mama wa mukene hakutaka kuacha sindano baada ya kuelewa. Alichotaka ni kuacha kupanga foleni Jumatano, siku yake nzuri ya soko. Nchi hii ilianza mapema kuisogeza sindano karibu na watu: mwaka 2004 kule Nakasongola wahudumu wa vijijini walifundishwa kudunga, na leo kwa Sayana Press, sindano ndogo ya miezi mitatu yenye dawa tayari ndani ya kijifuko, mwanamke anaweza kujidunga nyumbani.

Nikampa moja ajaribu mbele yangu. Akaitikisa kwa nguvu nusu dakika. Akasukuma kifuniko na shingo mpaka pengo likafungika, akavua kifuniko, akafinya ngozi ya tumbo, akaingiza sindano yote ikielekea chini, kisha akabonyeza kijifuko polepole huku akihesabu mpaka 7. Nilimkataza kusugua mahali pale. Zilizobaki alizitia kwenye mkebe wa majani ya chai, aziweke juu watoto wasikofika, bila friji. Zilizotumika zirudi kliniki kwenye chupa yenye kifuniko.

"Nikichelewa?" akauliza.

Nikamwambia tarehe ni kila miezi mitatu, na hata wiki 4 zikipita bado atajidunga bila wasiwasi. Zikizidi hapo, aje kwanza tupime. Akanipa kadi niandike tarehe. Kisha akaomba kadi nyingine tupu, akasema ni ya mama mkwe, amchoree kile kitanda na shuka.