Spea inapogoma kuingia: tunayodhani na yaliyotokea kwenye karakana za bunduki

Ukikaa gereji yoyote hutakosa kumsikia fundi akisema, "Hii spea imegoma, lete tupa." Mwanafunzi aliye pembeni hudhani kuna mtu kakosea, kwa kuwa amezoea kuamini kwamba vyuma vikitoka kiwandani lazima viingiane. Nafundisha ufundi wa vyuma, na swali hili hunirudisha kila mara kwenye historia ya bunduki. Huko ndiko vipuri vya kubadilishana vilikotafutwa kwa udi na uvumba, maana askari aliyevunjikiwa na kifyatuo vitani hana mhunzi wa kumtengenezea kingine cha kulingana na bunduki yake.

Dhana potofu ya kwanza: Eli Whitney wa Marekani ndiye aliyevumbua vipuri vya kubadilishana.

Hii inarudiwa mno, nami nilifundishwa hivyo. Ukweli ni kwamba mwaka 1785, Thomas Jefferson akiwa balozi wa Marekani huko Ufaransa, alimtembelea fundi bunduki Honoré Blanc. Alipewa vipande vya vifyatuo vilivyochanganywa, akaunganisha kadhaa kwa mkono wake, kila kipande akikiokota bila kuchagua, na vikakubaliana barabara. Whitney alitia saini mkataba wake na serikali ya Marekani mwaka 1798: bunduki 10,000 kwa miaka miwili. Alimaliza kuzikabidhi mwaka 1809. Katikati ya safari hiyo, Januari 1801, alifanya maonyesho mbele ya Rais John Adams na Jefferson, nao wakavutiwa sana. Lakini wachunguzi wa karne ya 20 walipozifungua bunduki zake zilizosalia, walikuta vipande vya ndani ya vifyatuo havibadilishani, na vingine vina alama za kuonyesha kipi kinakwenda na kipi. Fundi aliweka alama hizo kwa sababu alikuwa amevilinganisha kwa tupa, kimoja kimoja.

Inaniuma kwamba jina la John Hall, fundi bunduki mwingine wa Marekani, halijulikani. Yeye alipewa mkataba mwaka 1819 wa kutengeneza bunduki 1,000 huko Harpers Ferry, na ilimchukua miaka kadhaa kwa sababu alitengeneza kwanza mashine na geji, yaani vipimo maalumu vya kukagua kama kipande kina ukubwa unaotakiwa. Wakaguzi walipokuja kumpima, walichukua bunduki 100, wakazifungua zote, wakachanganya vipande, kisha wakaviunganisha upya kwenye vitako vipya vya mbao. Viliingia.

Siri yake moja ningependa kila fundi aishike. Hall aliamua kwamba vipimo vyote vya kipande kimoja vichukuliwe kutoka sehemu ileile moja. Chukua ubao unaotaka kuutoboa matundu kumi. Ukipima kila tundu kutoka tundu lililotangulia, nawe unakosea milimita moja kila mara kwa upande uleule, tundu la kumi litakuwa limekosea milimita kumi. Ukipima yote kutoka ukingo mmoja, hakuna tundu litakalozidi kosa la milimita moja. Spea nyingi zinazogoma huwa na ugonjwa huu: kila kipande kimoja kimoja kiko sawa, ila makosa madogo yamejumlishana.

Dhana ya pili: mashine ilipoingia, tupa ikastaafu. Hapana. Bastola za Samuel Colt zilitengenezwa kwa mashine nyingi, lakini vipande vililinganishwa kwa mkono vikiwa bado laini, vikapigwa namba, ndipo vikatiwa ugumu kwa moto. Chuma kikipita motoni hujipinda kidogo, kwa hiyo namba zilisaidia kuvirudisha kwa wenzake wa asili. Ukifungua mashine yoyote ya zamani ukakuta namba zinazofanana, usichanganye. Na kabla ya kugusa tupa, pima vipande vyote viwili kwa venia, kile kipimo cha mataya kinachosoma hadi sehemu ndogo za milimita. Ukikwangua kile kilichokuwa sahihi, spea ijayo nayo itagoma.

Dhana ya tatu ni kwamba kipande kizuri ni kile chenye kipimo kamili. Hakuna kipande cha namna hiyo duniani. Kinachofanya vyuma viingiane ni makubaliano juu ya kosa linaloruhusiwa: geji moja lazima ipite, nyingine isipite. Kwa njia ya geji, ghala la silaha la Springfield, Marekani, lilifika mbali kiasi kwamba mwaka 1854 Waingereza walichukua bunduki kumi zilizotengenezwa miaka tofauti, wakachanganya vipande, na fundi akaziunganisha kwa bisibisi tu. Waliporudi kwao, kiwanda cha Enfield kilinunua mashine za Marekani.

Hata joto lina neno lake. Vipimo vya viwandani huhesabiwa kwa nyuzijoto 20. Aluminiamu hurefuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kipande chake kilichopimwa kwa venia ya chuma mchana wa Dar es Salaam, nyuzi 32, kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Aliyetupatia vipimo vya kuaminika alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bunduki cha Eskilstuna, Sweden, aitwaye Carl Edvard Johansson. Mwaka 1896, akirudi kwa treni kutoka kiwanda cha Mauser huko Ujerumani, alifikiria vipande vichache vya chuma vinavyopangwa pamoja kupata maelfu ya vipimo. Vya kwanza alivisaga nyumbani kwake, kwa mashine ya kushonea ya mkewe aliyoigeuza kuwa ya kusagia.